Nyongeza ya Bibi Kwenye Hesabu ya Darasa la Nne

Leo nimebishana na mtoto wa darasa la nne, na nimeshindwa mimi.

Binti yangu Zuhura karudi na hesabu ya nyumbani: "Bibi ana kilo tatu za maharage. Akiyapima kwa kikombe cha gramu 250, atapata vikombe vingapi?"

Rahisi. Kilo tatu ni gramu elfu tatu. Gawanya. Kumi na mbili.

Yeye kaandika kumi.

Nikaanza kufoka, si mnanijua. Akanitazama tu: "Baba, na nyongeza?"

Jamani.

Akaenda jikoni, akachota maharage, akajaza kikombe mpaka usawa. Kisha akaongeza kiganja kizima juu, yakawa mlima, mengine yakamwagika sakafuni.

"Bibi anapima hivi."

Bibi ni mama yangu. Alikuwa akishuka na maharage yake kutoka Uluguru kuja kuyauza sokoni hapa mjini, na kila likizo Zuhura alikaa pembeni yake. Hakuna mteja aliyeondoka bila kile kiganja cha juu. Nilikuwa namwambia, "Mama, unajipunja." Anacheka, anaongeza.

Tulimzika masika yaliyopita.

Nimemwambia Zuhura aandike kumi na mbili, maana mwalimu wake hakumjua mama. Kafuta, kaandika, kanuna.

Kwenu nani alikuwa anapima hivi? Niambieni.

Mke wangu kauliza kama ayapike yale maharage ya kwenye kikombe.

Nimemwambia ayaache vilevile, leo tule wali mtupu.