Shimo Nyuma ya Turubai

Nilianza kwa kubomoa choo cha zamani. Leo nikisikia mtu anataka kujenga choo kipya, swali langu la kwanza ni hili: cha zamani bado kimesimama? Mimi niliyataka matofali yake, na kile kibanda kilichoinama kilinikera kila nilipokiona. Mama alikuwa ameumia nyonga, na kuvuka ua mpaka kule nyuma kulimliza. Nikamwahidi choo cha ndani kabla ya mvua. Ufundi nilijifunza kwenye simu, video baada ya video.

Shimo la maji machafu nililichimba mwenyewe. Siwezi kufanya kazi nikitazamwa. Naona kila kosa langu usoni mwa watu. Basi nikazungusha turubai, bashi kama tunavyoiita hapa. Udongo mweusi wa juu niliutaka kwa bustani, usichanganyike na ule mwekundu, nikautia mifukoni, nikaifunga, nikaipanga. Kusema kweli nilijivunia ile mifuko. Hapa Likasi, mji wa migodi ya kobalti, ambapo kila mtu anamjua mtu aliyetafuta madini chini ya sakafu yake, sikuwaza hata kidogo jinsi ilivyoonekana.

Shefu wa avenyu yetu, kiongozi wa mtaa, akaja, na nyuma yake jirani yetu, mama muuza makaa.

“Weye kijana, unachimba nini pale?”

“Choo, papa shefu.”

“Choo gani inafichwa na bashi?” jirani akacheka. “Na ile udongo ya mu masaki?”

“Ni ya bustani, mama.”

“Eeh! Bustani ya kobalti!”

Shefu akasema kazi isimame mpaka arudi kukagua. Nikamweleza kina cha shimo, mteremko wa bomba, njia ya hewa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo.

Hakurudi. Choo cha zamani kilikuwa rundo la matofali, kipya kilikuwa shimo tupu. Nikawa namshika mama mkono kumpeleka kwenye choo cha jirani yuleyule aliyenishtaki.

“Ingiya, mama, polepole,” jirani akamwambia. “Yetu njo choo tu, haina madini.”

Mama alicheka naye. Mimi nilisimama nje nikisaga meno.

Mwishowe mama akanichoka. “Papa,” akaniita, kama mama wa hapa wanavyowaita wana wao, “toa ile bashi. Mwaga ule udongo. Acha baone.”

Nikamwaga. Mweusi ukaangukia mwekundu, ukachanganyika nao mbele ya macho yangu. Majirani wakachungulia, wakaona tope, wakaondoka. Shefu naye akapita. “Bon, endelea. Lakini bashi, hapana.”

Nikaanza kujengea kuta za shimo, watu wakitazama. Mstari mmoja ukapinda. Nikashika nyundo niubomoe. Mama alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo, akingoja nimpeleke tena kwa jirani. Nikaweka nyundo chini, nikanawa, nikampa mkono. Tuliporudi, nikapanga tofali lingine juu ya ule mstari uliopinda.