Mizani Anatafuta "Kiwanda cha Mawingu"

Jina la Mizani alipewa na wauza vitabu wenzake, kwa nia mbaya, naye akalichukua likawa lake. Vitabu vilivyotumika alivinunua kwa kilo, kama chuma chakavu, akaviuza kimoja kimoja. Alianza na gunia kando ya barabara, akapanda hadi meza, akapanda hadi chumba chini ya ngazi za jengo la ofisi, chenye mlango wa chuma na taa mbili. Kusoma hakukuwa shughuli yake. Kitabu alikijua kwa mgongo wake, kwa harufu ya unyevu, na kwa uso wa mtu anayekishika.

Wa kusoma alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mtu wa kusoma hata maelezo ya dawa ya mende. Wateja wa kudumu walikuja kwa ajili yake, na mkataba wa chumba ulikuwa na majina yao wawili. Mizani hakujidanganya. Siku shemeji akiondoka, mwenye nyumba angempa chumba fundi simu aliyekuwa akikimezea mate tangu zamani, na yeye angerudi barabarani na gunia lake. Kwa hiyo alimhitaji shemeji, na kwa sababu alimhitaji, hakumtoa machoni.

Asubuhi moja aliingia mtu mwenye viatu vya kung'aa. Aliulizia ramani, akaulizia kamusi, akaulizia kitabu cha majenereta. Kila alichopewa alikipapasa na kukirudisha bila kuuliza bei. Alipofika mlangoni akageuka, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo.

"Halafu, mama, kuna kile kitabu cha hadithi fupi. *Kiwanda cha Mawingu*. Chembamba, kina michoro ya wino."

"Cha nani?"

Akamtaja mwandishi. Mizani alilijua jina hilo. Riwaya zake nene za safari za sayari za mbali hazikuwa zikikaa rafuni. Lakini hiki hakuwahi kukisikia.

"Wengi hawakijui," yule mtu akasema. "Kilichapwa mara moja, mchapishaji akafunga. Mimi nilikiona hapa, rafu ya juu, pale."

"Mbona hukununua?"

"Nilikuwa na haraka."

Mwenye haraka hapapasi kamusi, Mizani akawaza. "Pita Jumamosi," akamwambia kwa sauti ya mtu asiyejali. "Tutaangalia."

Shemeji aliporudi na chai, Mizani hakumpa nafasi ya kukaa.

"*Kiwanda cha Mawingu* unakijua?"

"Nakijua. Nilikisoma hapa hapa. Kuna mji mawingu yake yanatengenezwa kiwandani, halafu mafundi wanagoma, mvua haiji. Na michoro yake, shemeji, hata wewe ungetulia ukaitazama. Nilikirudisha pale juu."

Pale juu palikuwa na ensaiklopidia.

"Kimeota miguu?"

Shemeji akapanda ngazi ya mbao. Alivitoa vitabu, akavirudisha, akavitoa vile vile tena. Masikio yalimwiva. Mizani aliyatazama yale masikio kuliko alivyoitazama rafu. Hesabu yake ilikuwa fupi: kitabu adimu, mtu mmoja anayejua thamani yake, na sasa hakipo. Mwenye viatu alikuwa amefika amechelewa tu. Kuna mwenzake aliyewahi, akamalizana na shemeji pembeni.

Aliamini kwamba mtuhumiwa akijua anashukiwa, bei ya ukweli inapanda. Akafunga kitambaa kichwani vizuri, akaenda kutafuta mwenyewe.

Maktaba kuu walikuwa na kadi ya kitabu hicho. Kitabu chenyewe kiliazimwa zamani na hakikurudi. Mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji kilichokichapa alikumbuka michoro, akakumbuka wino ulivyokuwa ukiganda, akakumbuka na msimamizi aliyemchukia. Nakala hakuwa nayo. "Zilikuwa chache," alisema. "Watu wazima waliona picha, wakasema ni cha watoto. Watoto wakasoma maneno, wakasema ni cha watu wazima. Kikabaki katikati."

Mwisho akaenda kwa Profesa, mshindani wake wa barabara ya pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya koti tu. Mizani aliulizia vitabu vya mapishi. Akaulizia sheria. Akapangusa vumbi mikononi, akaaga, akasimama.

"Na kile cha mawingu, cha yule bwana wa sayari, huwa unakipata?"

Profesa alicheka mpaka koti likatikisika. "Umekiulizia mwisho, Mizani. Basi hicho ndicho kilichokuleta."

"Nauliza tu."

"Wewe hujawahi kuuliza tu tangu uzaliwe. Na shemeji yako jana alikuwa hapa, naye anauliza tu. Mnashindana au mmegawana mitaa?"

Mizani alijichekesha. Jana shemeji alikuwa ameaga kwamba anakwenda kwa daktari wa meno.

Kesho yake, shemeji alipotoka kuleta chai, Mizani aliufungua mfuko wake. Alikuta chombo cha chakula, mwavuli, miwani ya akiba na shati la kwenda kushonwa kifungo. Alikuwa amelikunjua shati, anapapasa mikono yake, alipohisi mlangoni kuna mtu. Shemeji alikuwa amesimama na vikombe viwili.

"Endelea, shemeji. Bado suruali niliyovaa."

"Ulikwenda kwa Profesa, si kwa daktari wa meno."

"Nilikwenda."

"Kukitafutia mteja?"

Shemeji aliviweka vikombe mezani polepole, hata tone halikumwagika. "Kwa hiyo nimeiba."

"Sijasema hivyo."

"Mikono yako imesema, imo ndani ya shati langu." Akalichukua shati, akalikunja, akautia mfuko begani. "Mwisho wa mwezi tugawane. Mwambie mwenye nyumba, au nitamwambia mimi."

Chai ilipoa. Kabla ya saa sita mdogo wake alipiga simu.

"Dada, umempekua mume wangu?"

"Nimetazama mfuko."

"Ungeutazama wa kwangu nikuone. Yule mtu akiokota kalamu barabarani anamtafuta mwenye kalamu, wewe unamjua. Unamjua kabisa."

"Watu hubadilika."

"Ndiyo," mdogo wake akasema. "Nakusikia." Akakata.

Mizani akaingia kazini, maana kazi haikuwa imegombana na mtu. Palikuwa na gunia jipya la kuchambua. Alichambua kama siku zote: kidole gumba kinapita ukingoni mwa kurasa, jicho linadaka, mkono unatupa. Takwimu, huku. Sala, kule. Riwaya, mezani. Picha, kikapu cha watoto. Alikuwa na haraka ya hasira, na kikapu kilikuwa kimejaa alipoona juu yake kitabu kikubwa chenye mchoro wa figo iliyopasuliwa katikati.

Akakitazama. Kilikuwa cha wanafunzi wa udaktari. Amekitupa mwenyewe sasa hivi, kwa sababu kina picha.

Alikaa chini. Akakumbuka siku ensaiklopidia zilipofika, yeye mwenyewe akaisafisha rafu ya juu kuzipisha, shemeji hayupo. Gumba likipita, mkono ukitupa. Na kikapu cha siku ile kilinunuliwa kizima na muuguzi wa kliniki ya watoto, cha kuwatuliza wanaosubiri sindano.

Alifika kliniki anahema. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vifupi vya rangi na mtungi wa maji. Kwenye mkeka, msichana mwenye plasta kidevuni alikuwa ameshika kitabu chembamba, akimpaka ndevu za kijani mtu aliyening'inia kwenye wingu la bati. Mizani alisoma jalada kichwa chini: *Kiwanda cha Mawingu*.

"Hicho kilikuja kwa bahati mbaya," alimwambia muuguzi, mwanamke mnene mwenye saa kifuani. "Nakuletea kikapu kingine kizima. Bure."

Hapo hapo akajua amekosea. Kikapu kizima, bure, kwa kitabu kimoja kilichochorwachorwa. Hata yeye angeshtuka.

"Kizima?" muuguzi akasema.

"Kizima."

"Wewe uliyenikatalia kunipunguzia hata kidogo, mpaka kila kitabu ukakipangia bei kwa unene wa mgongo?" Muuguzi alikichukua kitabu kwa yule msichana, akakikunjua, akakitikisa. Hakikuanguka kitu. "Kuna nini humu?"

"Hakuna. Hadithi."

"Basi kibaki."

Mizani alikuwa na maneno ya kununulia karibu kila kitu, na yote yalimkimbia. Akabaki na ukweli, bidhaa asiyoizoea. "Nimemwita shemeji yangu mwizi kwa ajili ya hicho. Anaondoka. Akiondoka, duka limekwisha."

Muuguzi alimkazia macho. "Hiyo ni ya kunilainisha."

"Kweli."

"Kama ni kweli, mlete akione hapa. Lakini hakitoki mlangoni."

Ilibidi Mizani aende nyumbani kwa mdogo wake, asimame uani bila kukaribishwa kiti, amwombe shemeji atembee naye. Shemeji alikuja nyuma yake hatua chache, kama mtu anayeelekezwa njia na asiyemwamini anayemwelekeza. Kliniki, alikaa kwenye kiti kifupi, magoti karibu na kidevu, akakifungua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Ndevu za kijani zilimfanya asite kidogo.

"Nani alikitia kikapuni?"

"Mimi."

"Bila kutazama."

"Kilikuwa na picha."

Shemeji alikifunga kitabu. "Nikibaki, kuchambua ni kazi yangu. Wewe hugusi kikapu."

"Tuchambue wote. Mimi magunia, wewe—"

"Shemeji, leo huna cha kuniuzia."

"Chambua wewe."

"Na mwenye viatu utamwambia kitabu kiko wapi. Aje akisome hapa, kwenye kiti hiki."

Muuguzi, aliyesikiliza yote akijidai kupanga kadi, alikuja akakitoa kitabu mikononi mwa shemeji. "Mmeigiza vizuri," akasema, akamrudishia msichana wa plasta.

Njiani kurudi, shemeji alitembea sambamba naye, ila upande wa pili wa barabara. Walipofika penye kona, Mizani akavuka.

"Kwa Profesa ulifuata nini?"

"Kutafuta nakala nyingine niiweke rafuni kabla hujakasirika. Nilidhani nimekipoteza mimi. Niliogopa utaniita mwizi."

"Nikakuita."

"Ukaniita."

Mizani alimtazama kwa pembe ya jicho, akitafuta mahali maneno hayo yalipoungwa na uongo. Hakupaona. Akatoa ufunguo wa mlango wa chuma, akampa afungue yeye.