Kikapu Kisichoshika Unga

Yule kijana wa mtandaoni sijamsamehe, na shangazi yangu naye sijamsamehe.

Kijana alikuja Kinampanda na kamera yake kurekodi masomo ya sanaa ya kuweka kwenye tovuti, wanafunzi na wanakijiji wajifunze bure. Nilimleta mimi, mwalimu wa sanaa, kwa sababu kwetu amebaki shangazi peke yake anayejua kusuka kitako cha kikapu cha unga, kile kinachobana hata unga wa ulezi usipenye. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba. Nilitaka ufundi ule usife naye.

Kijana akaingia uani akitafuna jojo. "Mambo, bibi? Kaa hapa kwenye mwanga."

Shikamoo hakuna. Shangazi akamjibu, "Karibu, mwanangu," kwa sauti tamu mno, akavuta nyasi zake akaanza kusuka. Mimi nilikuwa jikoni nampikia mgeni uji, mjinga mimi.

Somo likatoka, lina muziki na maandishi ya rangi: Kikapu cha Unga. Wanafunzi wangu wakalifuata hatua kwa hatua. Siku ya wazazi wakatia unga, ukamwagikia viatu vya mgeni rasmi. Mama mmoja akacheka mpaka akaketi chini.

"Mwalimu, hilo si chujio la pombe?"

Nilikwenda kwa shangazi nimefura. Hata hivyo nilianza na salamu, maana namjua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Umewadanganya watoto."

"Watoto gani? Wale wa ndani ya simu? Hawajanisalimia."

Nikamwambia hiyo si adabu, ni roho mbaya, kuwakomoa watoto kwa kosa la mpuuzi mmoja. Akaninunia kutwa. Nikamwandikia kijana arudi kurekodi upya, safari hii aanze na shikamoo. Akajibu, "Video inapendwa sana, mwalimu. Tuiache tu." Nikamtukana kimoyomoyo kwa Kinyiramba.

Juzi nikafungua lile somo. Chini yake mtoto wa mbali, simjui, alikuwa ameandika: "Shikamoo bibi. Kikapu changu kinamwaga unga. Nimekosea wapi?"

Nilimsomea shangazi kwa sauti, polepole. Nilitaka aumie.

Aliinamia simu. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujakosea."

Akavuta nyasi, akajaribu kukunja unyasi wa kwanza wa kitako. Vidole vikakataa.