Chuo Kitakapofika Kwihara

Nimefanya kazi ya mipango ya chuo kikuu kwa muda mrefu kiasi kwamba neno "baadaye" linanichosha. Watu hudhani afisa mipango ni mtu wa kuona mbali. Kazi yangu kubwa mimi ni kusogeza. Kila mwaka, mvua zinapokaribia kwisha, wakuu wa idara hujaa kwenye ukumbi wetu mdogo hapa Tabora mjini, kila mmoja na maombi yake: maabara, vitabu, madawati, mwalimu wa kuziba nafasi ya aliyestaafu. Wanazungumza mpaka sauti zinakauka. Kisha mwenyekiti anataja ukomo wa bajeti tulioletewa kutoka juu, nao hautoshi hata kukarabati paa la ukumbi tuliokalia. Hapo ndipo ninapoanza. Hiki mwakani, kile mwaka unaofuata. Hatufuti kitu. Mradi ukishafutwa umekwenda, haurudi tena. Ukisogezwa, kila mtu anaondoka na chake mfukoni, hata kama mfuko wenyewe umetoboka.

Mradi uliosogezwa kuliko yote ulikuwa kampasi ya Kwihara. Kwenye mchoro inapendeza sana, ina kumbi za mihadhara, mabweni, maktaba, hata bustani ya maua. Kwenye ardhi ni shamba la mzee mmoja, kando ya barabara ya vumbi wanakopita wageni wachache wanaokwenda kuangalia tembe la kale, nyumba ya udongo ya enzi za misafara. Alilitoa mwenyewe kijiji kilipoombwa eneo. Wenzake walitoa mapori. Yeye alitoa shamba lake zuri la karanga, akabaki na nyumba na kipande cha mahindi uani. Tulipomuuliza sababu, alisema babu yake alikuwa mpagazi, na kwamba njia ile ilipitisha watu waliobebeshwa meno ya tembo, wengine wamefungwa minyororo. Alitaka kabla hajafa aone inapitisha watu waliobeba madaftari.

Tukapiga makofi. Tukaweka bikoni zetu, vile vinguzo vya zege vya mpaka, kwenye pembe za shamba, tukapanda gari tukarudi mjini.

Tangu hapo kila kiangazi nilitumwa kukagua mipaka, na kila kiangazi nilikuta pamefyekwa. Alifyeka mwenyewe, na umri ule, asubuhi kabla jua halijawa kali, ili chuo kikija kikute pasafi. Mbuzi wa jirani wakiingia aliwatoa kwa ukali kana kwamba wameingia kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama chuo. Mnaanza lini?"

Nilimjibu yaliyomo kwenye mpango, maana sikuwa na mengine: mwakani, fedha zikitoka. Nilimwambia pia, tena zaidi ya mara moja, "Mzee, lima tu karanga zako. Utakuwa umeshavuna hata zabuni haijatangazwa."

Aliniangalia kama niliyemtukana. "Wewe mwenyewe wa chuo, ndiye unayeniambia nilime chuo?"

Mkewe alikuwa pembeni akitandaza michembe juani, vile viazi vitamu vya kukaushwa ambavyo kila nikiondoka alinifungia vichache. "Mwambie, mwanangu, mwambie," alisema. "Huyu ameoa mke mdogo, jina lake chuo, na mke mwenyewe haji nyumbani! Sasa karanga tunanunua sokoni. Sisi! Watu wa Kwihara!" Tulicheka wote watatu. Lakini ndani ya mzaha ule kulikuwa na hasira ya kweli, na aliyekuwa anakaa bila karanga zake ni yeye.

Nilikuwa nikirudi mjini nimechoka mpaka kwenye mifupa. Ofisini kwetu hakuna aliyeuamini mpango ule, hata mimi niliyeuandika. Aliyeuamini ni yeye peke yake, na hakuwa mjumbe wa kikao.

Mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza, mdogo wake alinipigia simu nikiwa kazini. Mzee amefariki, amelala hakuamka. Nikampa pole. Akasema, "Mama chuo, kaburi hatujachimba. Tunakusubiri wewe."

Nilifika nikakuta watu wamekaa chini ya turubai, na vijana wamesimama pembeni na majembe na sururu. Mdogo wa marehemu alinieleza mbele ya wote. Wazazi wao wamelala kwenye ukingo wa lile shamba, ndani ya bikoni zetu, na hapo ndipo kila mtu wa ukoo angetaka kulala. Lakini mzee aliacha neno. Azikwe makaburi ya kanisani, kule mbali, asije akakiongezea chuo kaburi jingine la kuhamisha. Mjane hataki. Anasema mumewe hawezi kulala ugenini wakati kwao ni hapa. Mchungaji amesema popote watakapokubaliana ataongoza ibada.

"Kwa hiyo tuambie," alisema. "Kama chuo kinakuja, tutamtii marehemu. Kama hakiji, alale na wazazi wake."

Tuna namna yetu ya kujibu maswali kama hayo. Tunasema suala hilo linashughulikiwa. Maneno yalinifika mdomoni kabisa, nikamwona mjane ananitazama, hana mzaha hata kidogo, khanga imemwanguka begani na hajali. Miaka yote ile kikao hakikuwahi kulijibu swali lile, na sasa lilitakiwa lijibiwe kabla ya saa za mazishi.

"Mzikeni hapa," nilisema. "Chuo hakiji."

"Sema kwa sauti, mwanangu," alisema mjane. "Wasikie."

"Chuo hakiji."

Hakuna aliyenilaumu. Wanaume waliinua majembe wakaelekea shambani, wakichagua pa kukanyaga kwa sababu udongo ulikuwa umelowa. Mimi nililia, na nililia kwa aibu zaidi kuliko kwa msiba. Nilijiona nimemnyang'anya mtu kitu chake akiwa ameshalazwa kwenye jeneza, hawezi kubisha.

Kikao cha bajeti kilipofika mwaka huu, nilipendekeza Kwihara ifutwe. Nilieleza kwamba pale pamezikwa aliyetupatia ardhi. Mwenyekiti wetu si mtu mbaya, na yeye amechoka kama mimi. Alivua miwani akaipangusa.

"Makaburi yanahamishwa, mama, taratibu zipo," alisema. "Lakini tukiifuta, halafu tukaulizwa chuo hiki kina maono gani, tutasema nini? Sogeza."

Nikasogeza. Chai ikaletwa.

Wiki hiyo nilikwenda kumwona mjane, sikutumwa na mtu. Karanga zilikuwa zimekomaa, shamba zima, mpaka kwenye bikoni, na kwenye mojawapo alikuwa ameanika sufuria. Nilifurahi, nakiri, furaha ambayo kazi yangu hainipi. Kisha nikaona sehemu moja haikulimwa. Ilianzia barabarani, pana kiasi cha gari kupita, ikaingia shambani mpaka karibu na kaburi. Ilikuwa imefyekwa vizuri, nyasi bado mbichi zimelala pembeni.

"Hapo alisema ndipo litakapokaa geti," mjane alisema.

"Mama, si nilisema hakiji?"

"Ulisema. Nikakusikia, ndiyo maana nimelima." Aliinama akang'oa shina la karanga, akalikung'uta udongo, akanipa. "Lakini yeye hajaniambia hivyo."

Kwenye mkoba wangu nilikuwa na mpango mpya, na Kwihara bado ilikuwemo. Sikuutoa. Nilimwomba fyekeo nimsaidie kidogo pale kwenye geti. Akakataa, akasema hiyo ni kazi yake.