Mfinyanzi Hajulikani

Mama Walburga wa Mjimwema alikuwa na miaka sitini na kitu alipoingia kisomo cha watu wazima. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, ndoo za plastiki zilikuwa zimejaa sokoni na vyungu vyake havikuwa na mnunuzi tena. Akasema, kama mikono imekosa udongo, basi ishike kalamu. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne, kwa hiyo tulikaa dawati moja.

Mwalimu wetu Pankrasi alikuwa na adui mmoja tu duniani: dole gumba. "Mtu mzima kutia dole kwenye karatasi badala ya sahihi ni aibu," alikuwa akituambia. Mwaka mzima Mama Walburga alihangaika kuandika jina lake ili aachane na dole.

Siku ya kufunga masomo mwalimu akatupeleka makumbusho ya vitu vya asili, ambayo kamati fulani ilikuwa imefungua kwenye ghala la zamani la mahindi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuingia. Tulivua viatu mlangoni kama tunaingia sebuleni kwa mtu. Mlinzi Bakili, mtu wa Tunduru, akatukataza kugusa: vinu, nyungo, vigoda, vitu vilevile tulivyoviacha nyumbani asubuhi.

Mama Walburga akasimama mbele ya chungu cha pombe, akasoma kadi yake kwa kidole. "M-fi-nya-nzi ha-ju-li-ka-ni." Akageuka. "Nani hajulikani? Hiki changu! Mkwe wangu Saimon alikibadilisha kwa ndoo!"

"Shikamoo mama," Bakili akasema kwa upole. "Vya humu wenyewe walishafariki."

"Marahaba. Mimi nimefariki lini?"

"Sasa ushahidi uko wapi, mama?"

Shingoni mwa chungu kulikuwa na vishimo vya urembo vilivyozunguka, kila kimoja kimepinda kushoto. Mama akainua dole gumba lake, lililopinda kushoto tangu usichana wake, lilipopondwa na mchi. Akalitia kwenye kishimo. Likaenea. Akalitia kwenye cha pili. Darasa tukapiga makofi.

"Mama Walburga!" mwalimu akalia. "Dole tena? Mbele za watu?"

Bakili akainama, akachungulia, akakubali. Lakini kadi ilipigwa chapa na kamati, alisema, na neno la kamati halifutwi. Mama anaweza kuongeza jina chini yake, basi. Kwa kalamu, siyo kwa dole.

Mwalimu akatoa kalamu yake upesi. Mama akaandika, nasi tukimtajia herufi, kila mtu ya kwake, mpaka moja ikapotea kwenye kelele. WALBUGA.

"Imepungua R," mwalimu akanong'ona.

"Wanaonijua wataiweka."

Tulipokuwa tunatoka akaingia baba mmoja mwenye miwani, akaenda moja kwa moja kwenye chungu, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Mfinyanzi hajulikani, Walbuga."

"Abee!" Mama akaitika.