Daftari la Masere

Enzi zetu kule Bukavu, mtoto wa miaka minne alipelekwa gardienne, shule ya wadogo ya masista, amevaa tabliye, aproni ya bluu ya shule, kitambaa cha kamasi kimebanwa kifuani kwa pini. Mliopita pale mnakumbuka: tunakunja karatasi za rangi, tunakunywa uji wa soya, tunalazwa mkekani macho wazi. Kengele ikilia, mikono kifuani, kimya.

Masere, ndivyo tulivyomwita sista wetu, alikuwa na sauti tamu na daftari jeusi. Kila asubuhi anauliza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili: jana nyumbani mlifanya nini? Siku moja nikajibu kwamba baba amekamua ndizi za kasiksi, ile pombe yetu, na majirani wameimba. Akaandika. Akanisifu, akanipa picha ya malaika. Baba alikuwa mpishi wa misheni, na pombe kwao ilikuwa marufuku. Wiki ile ile akafukuzwa. Mama aliniambia neno moja tu: “Ya nyumba hulala nyumbani.”

Basi miaka ile ya elfu mbili na kitu, tuko ukimbizini kwa Waingereza, mtaa wa Lozells, mjukuu wangu Neema, aniitaye Koko yaani bibi, akaanza nursery, shule ya wadogo ya huku. Naenda kumchukua, namkuta mwalimu amepiga magoti, anacheka na watoto huku anaandika kwenye vikaratasi vya njano. Sauti tamu ile ile. Binti yangu anasema, “Mama, anaandika maendeleo ya mtoto tu.” Akina mama wa siku hizi, mtu akiwachekea mnamfungulia hadi jikoni. Na karatasi zetu za ukimbizi zilikuwa bado hazijajibiwa. Nikamfundisha Neema: wakikuuliza ya nyumbani, kunja mikono, nyamaza.

Akatii kuliko nilivyotaka. Mwezi mzima hakufungua kinywa pale. Binti yangu akaitwa: wanataka mtoto apimwe masikio. Ikabidi niende mwenyewe niseme kosa ni langu. Mwalimu hakunikaripia. Akafungua daftari la maendeleo ya Neema. Kila picha aliyopigwa, mikono kifuani. Nikajiona mimi, na tabliye yangu.

Nikamruhusu aseme, na tangu hapo hakunyamaza tena. Enzi zetu mtoto alimwogopa mwalimu. Siku hizi mwalimu anapiga magoti kungoja neno la mtoto. Ni vizuri, sikatai. Lakini daftari ni daftari. Kila Ijumaa nikawa namwuliza, “Leo umewaambia nini?”

Anakunja mikono kifuani, ananitazama.

“Nothing, Koko.”