Vifungo vya Uongo kwenye Shati la Baba

Mapema miaka ya elfu mbili, wiki ya harusi ya dadangu, Baba aligoma. Kiharusi kilikuwa kimempooza mkono wa kulia, na kila asubuhi pale nyumbani kwetu Waithaka, Mama ndiye aliyemfunga vifungo vya shati, yeye akitazama ukuta kwa hasira. Sasa akatangaza: "Siku hiyo nikivalishwa kama mtoto, siendi. Mjomba wake ndiye ampeleke binti kanisani."

Mama akapendekeza tisheti yenye ukosi. Aii! Ungeliona hilo jicho. "Nimpeleke binti yangu madhabahuni na tisheti? Kwani naenda kuosha gari?"

Mimi ndiye niliyesema velkro, ile mikanda miwili inayonatana ukiibana. Si ningenyamaza tu! Macho ya Mama yalikuwa yamechoka, bibi harusi alikuwa na mambo yake, na fundi wa nguo wa pale stejini, kituo cha matatu, alikuwa amezama kwenye magauni ya wasimamizi. Nikabaki mimi, mwanamume mzima, karani wa ofisi mjini, na sindano.

Saa ya chakula nikatoroka hadi duka la nyuzi na vifungo. Mwenye duka akaniuliza, ya kushona au ya gundi? Nikajiona mjanja: ya gundi! Nibandike, nishone juu kidogo, kazi kwisha. Haki ya Mungu, usijaribu. Sindano inaingia ikiwa safi, inatoka imepakwa gundi, uzi unajifunga mafundo, na ukivuta kwa nguvu sindano inavunjika. Nilivunja za Mama moja baada ya nyingine, nikaitukana velkro na aliyeileta duniani. Mama alicheka mpaka akaketi.

"Si ungeniuliza," akasema.

Kesho yake nikarudi kununua ile ya kushona, bila kumtazama mwenye duka machoni. Nikakata vipande vidogo, nikavipunguza pembe zisije zikamchoma kifuani. Upande wa kukwaruza nikaushonea kwenye ukingo wa chini ukitazama nje, mbali na ngozi, ule laini nikaushonea ndani ya ukingo wa juu. Nikashona pembezoni kwa mishono mifupi, nikiisukuma sindano kwa kitako cha kijiko. Halafu nikaziba tundu zote za vifungo na kurudisha vifungo vilevile juu yake, vya uongo, ili hata wakwe wetu wapya wasijue.

Baba akalijaribu shati kwa mkono wa kushoto. Akabana, akafungua: kraaa! Akarudia tena.

"Kijana, hii shati inapiga kelele. Nikikohoa kanisani si watu watasema nimeraruka?"

"Basi usikohoe, mzee."

Akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitalini. Jamani, nilifurahi.

Asubuhi ya harusi akajifungia chumbani. Nje dereva alikuwa anapiga honi. Tukiwa sebuleni tulisikia kraaa. Kisha kraaa tena. Mama akainuka kwenda mlangoni.

"Mama, wacha," nikamwambia. Akaketi, akisokota kitambaa mkononi mwake.

Mlango ukafunguka. Baba akatoka na shati lake jeupe, limefungwa kutoka shingoni hadi kiunoni, na limefungwa vibaya: upande mmoja juu, mwingine chini, ukosi umeenda kando. Mkono wa Mama ukanyooka wenyewe kulirekebisha. Ukafika katikati. Akaurudisha, akaushikisha mkoba.

"Umependeza, Baba Watoto," akasema.

"Najua," Baba akajibu. "Twendeni, mnanichelewesha."

Alimpeleka binti yake hadi mbele polepole, na hakukohoa hata kidogo. Baada ya ibada tukapangwa kwenye ngazi za kanisa. Mpiga picha akatazama kwenye kamera, akasita, akaja mbio mbio kwa Baba kumnyoosha ukosi.

"Wewe!" Mama akamfokea, kila mtu pale nje akageuka. "Usimguse! Amevaa mwenyewe!"